Kelele Chini ya Kiti

Lori lilisikika kabla halijaonekana, kama kawaida yake. Mke wa fundi alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo, akabaki amesimama na shati la mumewe mkononi, likimchuruzikia maji miguuni. Lori lilikuwa la mdogo wake, naye aliujua mngurumo wake kama anavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Lakini leo, lilipoanza kupanda kile kimwinuko cha kuingilia gereji, ndani ya mngurumo ule kulikuwa na kitu kigeni, kama mtu anayegonga sufuria tupu kwa kitu kizito. Lori likafika juu, dereva akaachia mafuta, na kile kitu kikanyamaza.

Alilitupa shati juu ya kamba bila kulinyoosha, akaharakisha kuelekea mbele. Haraka yake haikuwa ya kumlaki mdogo wake. Alitaka kumwahi mumewe kabla mtu hajamuuliza swali.

Mumewe anaitwa Sikio. Jina hilo alipewa na madereva enzi zile ambapo ungeweza kumpita na gari lako barabarani, yeye akiwa anakunywa chai, na kesho yake akakuambia valvu yako moja imelegea. Lilipendwa mpaka likaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bati la mlangoni: KWA SIKIO. Bati lingali pale, rangi ingali inasomeka. Mwenye jina hasikii. Tuseme wazi tu, maana wenyewe wamefichaficha vya kutosha. Sikio la kulia lilikuwa limeziba kabisa, na la kushoto lilibakiza ngurumo na vishindo tu. Maneno ya watu lilishayaacha yapite. Injini zilizompa jina ndizo zilizomlipa hivyo.

Waliojua, kwa kadiri walivyoamini wenyewe, walikuwa wawili: yeye na mkewe. Wakati mwingine alisoma midomo. Akishindwa, alitikisa kichwa kwa upole na kusema, "Ndiyo, ndiyo. Hilo nalo." Ni jibu zuri sana, unaweza kuishi nalo muda mrefu. Mtu akilalamika kuhusu bei ya vipuri, hilo nalo. Mtu akisema mama yake mgonjwa, hilo nalo. Watu walimwona mtu wa busara, asiye na maneno mengi.

"Shemeji!" Mwenye lori aliruka kutoka kwenye kebini, akapiga boneti kwa kiganja. "Bibi amenishinda. Amezeeka vibaya, anaguna."

Huyo ndiye mdogo wake mke wa fundi, na watu wote humwita Utingo. Alianza maisha akining'inia nyuma ya malori ya wenzake, na hata alipopata lori lake jina la utingo halikumwachia. Lori nalo alilipa jina la Bibi, kwa sababu lilimzidi umri, na kwa sababu, kama alivyopenda kueleza, ukilifokea linazima.

Sikio alikuwa akimtazama midomo. "Anaguna vipi?"

"Nikikanyaga mafuta tu. Nikiachia, kimya. Nikikanyaga, anaanza. Nikiwa na mzigo ndiyo usiseme, utadhani kuna mtu nimemfungia humo anadai kushuka." Hapo aligeuka kulitazama lori lake, na maneno yaliyofuata yakaenda upande wa pili: "Na kule machimboni wananisubiri, mwenye jengo anataka kokoto. Itachukua muda?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema Sikio. "Hilo nalo."

"Itachukua muda?" Utingo akageuka.

"Haitachukua muda, amemaanisha," mkewe akadakia, ameshafika, anahema kidogo. "Karibu, mdogo wangu. Wa nyumbani hawajambo? Wifi yangu hajambo?"

Pembeni, kwenye meza yake ya betri, Nyaya alinyanyua kichwa. Nyaya ni fundi wa umeme aliyekodi kona katika gereji ileile, mtu mwembamba mwenye kicheko chepesi. "Umefika kwa wenyewe, Utingo," alisema. "Mzee wa masikio yupo, wasiwasi wa nini?" Akacheka, akarudi kwenye betri zake. Mke wa fundi hakukipenda kile kicheko. Siku hizi hakupenda kicheko cha mtu yeyote kilichotolewa mumewe akiwa amegeuka.

Walikuwa na utaratibu wao. Injini inapowashwa, mama huyu hukaa juu ya kreti karibu na magurudumu ya mbele, mapajani ameweka kopo la nati, anachambua ndogo na kubwa. Mteja akimwona hudhani mwanamke ana bidii kweli. Akigusa kilemba, sauti inatoka juu kwenye valvu. Akigusa kiuno, iko katikati. Akikuna kifundo cha mguu, iko chini kabisa, na hapo Sikio hukunja uso, kwa sababu ya chini ni kazi kubwa. Miaka yote ile ya kuishi ukuta mmoja na gereji ilimfundisha kutofautisha milio bila kujua majina ya vitu vinavyolia. Yeye alisikia, mumewe akajua maana. Kwa pamoja walikuwa fundi mmoja mzuri.

"Piga resi," Sikio aliamuru.

Utingo akakanyaga. Bibi akanguruma, akatikisika, akatoa moshi mweusi uliomfanya Nyaya atukane kidogo. Mama akatega sikio. Injini ililia kizee, kama ilivyolia mwaka jana na mwaka juzi. Kile kishindo cha sufuria hakikuwepo. Mikono yake ikabaki ndani ya kopo.

Sikio alimtupia jicho. "Tena!"

Tena hakikuwepo. Mama alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayefukuza nzi. Sikio akageuza macho huku na huku. Mteja anasema gari linalia, mkewe anasema halilii, na Nyaya ameacha kazi yake anatazama. Sikio akachukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mti, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauuma kwa meno.

Madereva waliipenda sana ile ya kuuma bisibisi. Walihadithiana vijiweni, wakaiona mbwembwe za ustadi. Kumbe ndiyo njia pekee iliyobaki, maana mfupa wa taya bado ulimletea yale ambayo masikio yalishaacha kuleta. Mpini ulikuwa umechimbika alama za meno, na mkewe alizoea kuugeuza kila alipoupangusa ili zisionekane. Sikio aliihamisha ncha taratibu, kutoka nozeli moja ya kupulizia mafuta hadi nyingine. Kwenye ya tatu mtetemo ulimjia mzito kuliko kwingine.

Alitoa bisibisi mdomoni. Uso ulikuwa umefunguka. "Nozeli moja imechoka. Lakini twende barabarani kwanza, nimsikie akitembea."

Nozeli ile ilikuwa imechoka kweli. Ndiyo maana ni vigumu hata kumchukia.

*

"Na mimi nipeleke hapo dukani, nina shida na sabuni," mama alisema, ameshakanyaga ngazi ya lori.

Utingo alicheka. "Dada, siku hizi hata sabuni unaifuata kwa lori? Naona sasa wewe ndiye utingo wangu."

Alikaa katikati, bega kwa bega na wanaume hao wawili, mkono wake wa kushoto umetulia pajani mwa mumewe, jambo lililomfanya Utingo atabasamu na kutazama kwingine kwa adabu. Ndani ya kebini hakuna kreti, hakuna kopo la nati. Utaratibu wa humo ulikuwa mmoja tu: sauti ikianza, anabana goti, ikiisha, anaachia.

Kwenye tambarare hapakuwa na neno. Walipofika kwenye mlima, Utingo akapunguza gia, akakanyaga mafuta. Mkono ukabana. Alipoachia mafuta, mkono ukalegea. Akakanyaga, ukabana tena. Sikio alitikisa kichwa kwa kila mbano, akilini mwake anahesabu kilichokuwa dhahiri: sauti inakuja injini inapobebeshwa, inaondoka inapopumzishwa. Nozeli, na nini kingine?

Lakini mama alikuwa akisikia kitu ambacho goti halikuweza kusema. Mlio haukutoka mbele kwenye boneti. Ulitoka chini ya kiti, kwa nyuma kidogo, na haukuja kwa masikio tu; aliuhisi kwenye makalio, kwenye uti wa mgongo, kitu kinajitupa huku na huku chini ya bati. Kilemba, kiuno, kifundo cha mguu: mwili mzima walikuwa wameugawia injini, na hawakuacha mahali pa kusema nyuma. Akajaribu kubuni. Aliweka kidole gotini mwa mumewe akakiburuta kwa nguvu hadi nyonga, akarudia, akarudia. Sikio akaelewa kwamba sauti inazidi. Akampigapiga mkono kumtuliza.

"Umeisikia hiyo, shemeji?" aliuliza Utingo, macho barabarani.

Sikio alikuwa akitazama boneti. Mkewe akamfinya.

"Ndiyo, ndiyo," alisema. "Nimeisikia."

Ilikuwa nafasi yake ya kusema. *Inatoka chini ya kiti.* Maneno manne, na lori lingesimama hapohapo mlimani. Lakini Utingo angegeuka kumtazama na kuuliza, dada, tangu lini umekuwa fundi? Na kisha angemtazama shemeji yake. Na Utingo, Mungu ambariki, hakuna habari aliyowahi kuilaza ndani ya tumbo lake usiku mmoja. Jioni ingefika machimboni, kesho ingefika kwenye kila kijiwe cha malori. Nani atamletea injini fundi kiziwi anayeitwa Sikio? Wangecheka mpaka wachoke, kisha wangeacha kuja. Mama alimeza maneno yake manne, na dukani walipofika alishuka akanunua sabuni asiyoihitaji.

*

Aliyasema jikoni, mlango umefungwa. Kuongea na mumewe kulihitaji mlango ufungwe, maana alipaswa kumsogelea uso kwa uso na kupaza sauti kidogo, na aliyepita nje angedhani wanagombana. Leo asingekosea.

"Inatoka chini ya kiti. Nyuma. Sio kwenye injini."

Sikio alikuwa akimimina chai. "Ndani ya kebini kila kitu kinatoka chini. Bati linabeba sauti, linaipeleka linapotaka."

"Mbona uani haikulia? Amepiga resi mara ngapi? Haikulia hata kidogo."

"Uani hana mzigo."

"Na mlimani alikuwa na mzigo gani? Mimi na sabuni?"

Alimtazama midomo, akaielewa kila silabi, akageuzia uso kwenye kikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake ya siku hizi: akigeuka, maneno yako yamekwisha. Mkewe akamshika kidevu akamrudisha, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Usinipe kisogo mimi. Wengine wape, mimi hapana. Mwambie ukweli. Ni ndugu yangu yule, hawezi kukudharau."

"Ndugu yako ana mdomo kama redio."

"Basi usimwambie. Lala chini ya lori uangalie tu. Shuka uangalie."

Hapo Sikio alikiweka kikombe chini. Hakuwa mjinga. Alijua kilichoko chini ya kiti na nyuma yake: giaboksi, na mti mrefu wa chuma unaotoka humo kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ule ambao mafundi huuita propela, na kiungo chake cha mbele, krosi, ambacho kikilika hugonga pale tu gari linapovuta. Wazo lilimpitia. Lilimpitia likiwa kamili, na picha yake. Kulala chali chini ya lori na kuutikisa ule mti kwa mkono ni kazi ya muda wa kunywa chai ile, wala haihitaji masikio. Haihitaji chochote ila vidole, na vidole vyake vilikuwa vizima.

Lakini alishasema nozeli. Alishasema mbele ya Utingo, mbele ya Nyaya. Kutangaza nozeli kisha kutambaa chini ya gari kutafuta kitu kingine ni kusema kwa sauti kwamba hukusikia vizuri. Mtu mwenye masikio yake anaweza kukosea mara kumi, akacheka, akaanza upya. Sikio aliona yeye hana hata mara moja.

"Usinifundishe kazi," alisema.

Mkewe alimwachia kidevu. Alitaka kulia, ikashindikana, akaosha vikombe.

*

Nozeli ilibadilishwa kabla jua halijageuka. Bibi alipowashwa, hata Nyaya alikiri kwamba injini imetulia. Moshi ulipungua, mtikisiko ukapungua. Utingo alimkumbatia shemeji yake, akamtilia pesa kwenye mfuko wa shati, akambonyeza mfuko.

"Hii ya nozeli. Na hii nyingine ya sikio lako. Usikatae."

Sikio aliona midomo ikisema sikio, akatabasamu. Hakukataa. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa kufuta kwenye ndoo, na wiki nzima lilikuwa limeingia gari moja tu, tena la kubadilishwa gurudumu.

Utingo akapanda, akapiga honi, akaanza kutoka. Mama alisimama langoni. Lori liliposhuka kimwinuko lilikuwa kimya. Lilipoingia barabarani na mdogo wake akakanyaga mafuta kuivaa ile njia ya machimbo, aliisikia. Sufuria ileile, kitu kizito kilekile. Injini ilipokuwa imetulia hivi mlio ulisikika wazi zaidi.

Alinyoosha mkono. Utingo alimwona kwenye kioo, akatoa wake dirishani akampungia, akapiga honi ya pili ya kumfurahisha dada.

Alirudi ndani mbio. Sikio alikuwa akinawa mikono kwa mafuta ya taa, Nyaya amesimama mbele yake anasimulia jambo. Mama alisimama nyuma ya Nyaya, mahali ambapo mumewe angemwona, akafungua mdomo bila sauti: *Bado inalia.*

Sikio aliyasoma. Hakuna shaka kwamba aliyasoma, kwa sababu mikono yake ilisimama. Kisha akaendelea kunawa.

"Nozeli mpya," alisema kwa sauti, kana kwamba anamjibu Nyaya, "lazima izoeane na injini."

Nyaya, aliyekuwa akisimulia habari za mkwe wake, alimtazama kwa mshangao. Akageuka, akamwona mama, akamtazama na yeye. Alirudi mezani kwake, na mama naye akaenda kuinyoosha ile nguo kwenye kamba, ilikuwa imeshakauka na makunyanzi yake.

*

Habari ziliwafikia kesho yake, na aliyezileta ni Nyaya. Simu yake ndiyo iliyopigwa na mtu wa machimboni. Aliweka simu mezani, akatembea moja kwa moja hadi kwa Sikio, akasimama mbele yake, akamshika mabega yote mawili ili wawe uso kwa uso.

"Utingo," alisema, polepole, anafungua mdomo wazi kwa kila neno. "Amepata ajali. Mlimani. Yuko hai. Umenielewa? Yuko hai."

Mama alikuwa na kopo la nati mapajani. Kabla habari yenyewe haijamwingia, kabla hajapiga kelele, aliona vile Nyaya alivyomshika mumewe, vile alivyoyaumba maneno kwa ajili ya macho yake. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya jikoni kila siku. Nyaya alijua. Alijua siku nyingi. Huenda wote walijua, na magari yalikuwa yakija kwa sababu bado waliona kazi ni nzuri, au kwa huruma, au kwa mazoea tu. Kopo lilidondoka, nati ndogo na kubwa zikachanganyika mchangani.

Ilikuwa hivi. Bibi alikuwa amebeba kokoto za kufurika, anapanda. Karibu na kileleni krosi ya mbele ilikatika. Ule mti wa chuma ukaangukia upande mmoja huku bado ukizungushwa, ukachapa kila kilichokuwa karibu, likiwemo bomba la mafuta ya breki. Utingo alikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Akavuta breki ya mkono. Kwenye malori ya kizee kama Bibi, breki ya mkono hukamata pale mti unapotokea kwenye giaboksi, na mti ulikuwa umeshaachana na giaboksi. Lori likaanza kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na watu wanaotembea kwa miguu kutoka kazini. Wangeweza kumlaumu Utingo kwa mengi, mdomo wake hasa, lakini siku ile hakuruka. Alibaki na usukani, akalielekeza lori kwenye ukuta wa udongo, likapanda, likalala ubavu, likamlalia na yeye.

Sikio alipitia eneo la ajali kabla ya kwenda hospitali. Hakuna aliyemwita, alishuka tu njiani, mkewe akamfuata. Bibi alikuwa amelala amefunua tumbo, kokoto zimemwagika barabarani na watu wanajichotea kwenye viroba. Sikio alipiga magoti kwenye kiungo kilichokatika, akaingiza vidole. Hakikuwa na grisi hata tone. Vidole vilitoka na vumbi jekundu la kutu, laini kama unga. Vumbi lile lilikuwepo jana. Lilikuwepo wiki iliyopita, limezunguka kiungo kama tangazo, linamsubiri mtu yeyote atakayelala chali kulisoma. Alijifuta kwenye suruali, halikutoka.

"Twende," alisema mkewe, kisha akakumbuka kumgusa bega.

*

Wadi ilikuwa ndefu, vitanda vimesogezwa mpaka wauguzi wanapita upande upande. Utingo alikuwa kitanda cha dirishani. Mguu mmoja umefungwa vyuma, umening'inizwa. Wa pili haukuwepo kuanzia juu ya goti. Alikuwa macho, lakini dawa zilikuwa zimemlegeza, na ule mdomo wa redio ulikuwa umekauka na kupasuka.

Mke wa Utingo alikuwa ameshafika tangu usiku. Hakuwasalimu kama siku zote. Alisema "karibuni" kwa ukuta. Waliketi kwenye benchi jembamba, fundi na mke wake, magoti yamegusana. Sikio alikuwa ameficha vidole vyake vyekundu katikati ya mapaja, na mfuko wa shati bado ulikuwa na ile pesa, kile kiasi cha sikio. Njia nzima aliazimia kusema. Alikuwa amepanga maneno, mimi ndiye, nilijua, nisamehe, akayapanga kama spana kwenye sanduku. Sasa alikuwa akingoja mtu amtazame ili ayatoe.

Wifi aliwapa mgongo. Alikuwa akimkunjia mumewe shuka pale ambapo mguu ungekuwa, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Akaongea bila kugeuka, sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka wadi imsikie.

"Shemeji, waliokuja kulitazama lori wanasema kile chuma kilikuwa kibovu siku nyingi. Wanasema fundi yeyote angekijua. Mume wangu hakwenda kwa fundi yeyote, alikuja kwako. Nataka uniambie wewe mwenyewe. Ulijua, ukamwacha aondoke?"

Sikio aliona mabega ya mke wa Utingo yakitikisika. Alidhani analia. Alidhani anasema maneno ambayo watu husema hospitalini, kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba wameshukuru kwa kuja. Mkono wa mkewe ulitoka mbio kuelekea gotini kwake, ukachelewa.

"Ndiyo, ndiyo," alisema Sikio kwa upole, akitikisa kichwa. "Hilo nalo."

Wifi aligeuka. Shuka ilimponyoka. Kitandani, Utingo alikuwa ameisikia, na macho yake yaliyolegea yalifunguka taratibu yakatua usoni mwa shemeji yake, bila hasira bado, yanashangaa tu, kama ya mtu aliyegongwa na mlango wa nyumba yake.

"Hajakusikia," mama alisema. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Wifi, hajakusikia. Hasikii. Ni kiziwi, mume wangu ni kiziwi, siku nyingi sana. Ninayesikia ni mimi. Siku ile niliisikia mimi, nilikuwa nimeikalia, ilikuwa inagonga chini ya kiti." Akamgeukia mdogo wake, na sauti ikavunjika. "Nilikaa katikati yenu nikanyamaza. Niliogopa utatucheka."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza uso kwa heshima. Utingo alilamba midomo yake iliyopasuka.

"Si ungesema tu, dada," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba mno kwa mtu aliyezoea kuongea juu ya ngurumo ya lori. "Ningecheka. Basi. Ningecheka, ningeshuka nikaangalia."

Sikio alikuwa akirusha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Yalikwenda haraka mno, na mdomo wa Utingo haukufunguka vya kutosha kusomeka. Aliona wifi ameweka mkono kifuani. Aliona mkewe analia wazi, bila kujificha. Alingoja mkono ule ushuke gotini umweleze kitu chochote, abanwe, aachiwe, aburutwe, lakini mikono yote miwili ya mkewe ilikuwa imefunika uso wake.

"Amesema nini?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti kubwa, kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Wadi nzima ikageuka kumtazama.

"Mama," alisema, "amesema nini?"